Halwa ya Kuagia

Mwalimu wangu wa kwanza wa kuteleza kwenye barafu alinifundisha kwa mikono. Maneno tuliyokuwa nayo sisi wawili yalikuwa machache. Yeye alitoka nchi ya baridi, na Kiarabu chake kilikuwa cha madukani: njoo, polepole, basi, kesho. Mimi nilitoka Unguja, nimesoma huko mpaka darasa la tano, na Kiarabu changu kilikuwa cha msahafu na cha kuwasikiliza wakubwa wakizungumza. Kwa hivyo alinishika. Alinishika kiuno akanigeuza, alinishika kifundo cha mguu akakinyoosha, na kila nilipoinama kutazama barafu aliniwekea kiganja utosini na vidole viwili chini ya kidevu, akakirudisha kichwa mahali pake. Mtoto mwenye haya humpenda mwalimu wa namna hiyo. Hakuna anayekwambia sema kwa sauti.

Uwanja wake ulikuwa huku Omani, Khuwair ya Kusini, nyuma ya safu ya maduka, mdogo kiasi kwamba ukikaza mwendo kidogo unaufikia ukuta kabla hujaamua la kufanya. Mjomba ndiye aliyenipeleka mara ya kwanza, likizo ya joto, kwa sababu nilikuwa nimekaa nyumbani na Bibi mpaka nimeacha kusema. "Huyu mtoto anaota ukungu, Mama," alimwambia Bibi. "Nnampeleka mahali." Hakujua kwamba nitataka kurudi. Wala mimi sikujua.

Nyumba yetu iko Wattaya, nyuma ya maduka ya magari. Mama alibaki Unguja na wadogo zangu, mimi nikaletwa kukaa na Bibi, kwa kuwa mjomba alikuwa kazini kutwa na Bibi hakuwa na mtu wa kumjibu. Skuli ya hapa walinitia na watoto wadogo kuliko mimi, kwa ajili ya Kiarabu cha kuandika. Nilimaliza darasa la sita nikiwa mrefu kumshinda mwalimu wa hesabu, na sikuendelea. Mchana nilimsaidia Bibi jikoni. Jioni nilikaa dirishani nikitazama magari mapya yakisogezwa mbele na nyuma na watu wasiokuwa wenye magari hayo. Kisha zikawa zinakuja siku za barafu, na juu ya barafu hakuna anayekuuliza mbona kimya, kwa sababu kila mtu anashughulika asianguke.

Nilipofika miaka kumi na minne nilikuwa naruka miruko yote ya mzunguko mmoja, na ule wa mmoja na nusu pia, ambao wengi huanguka nao mwaka mzima. Baada ya hapo ni mizunguko miwili. Hapo ndipo mwalimu wangu alipofika ukingoni. Goti lake lilikuwa limefanyiwa operesheni, hakuweza tena kuruka mbele yetu tukaona, na uwanja wake haukuwa na ule mkanda anaofungwa mtoto kiunoni, wenye kamba inayopita juu, ili kocha amvute hewani wakati anajifunza kuzunguka. Mkanda ulikuwa kwenye uwanja mkubwa upande wa Sib, ndani ya jumba la maduka, na huko kulikuwa na kocha mwingine, na skuli ya barafu yenye jaketi zake za buluu.

Watoto waliofika pale nilipofika walikuwa wakienda huko. Hawakuaga. Mama wa mtoto hutuma ujumbe kwenye simu, na Jumamosi inayofuata mtoto hayupo. Mwalimu alikuwa na koni za rangi ya machungwa, akizipanga juu ya barafu kabla hatujaingia, moja kwa kila mwanafunzi, mahali pake pa kuanzia. Alizipanga zote kwanza, hata za wale aliokwisha kuambiwa kwamba hawaji. Kisha akazunguka akiziokota za wasiokuwepo, hana haraka, kama mtu anayeondoa sahani mezani.

Niliiona ikiokotwa hivyo koni ya rafiki yangu. Alikuwa rafiki yangu pekee pale, msichana wa rika langu, familia yao Waomani wa Tabora, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara, cha haraka, cha kunicheka. "Wewe naye," alikuwa akiniambia, "ukiulizwa jina lako unafikiri kwanza." Nilicheka naye. Hakuniambia kwamba anahama. Nilisimama kwenye koni yangu nikatazama nafasi iliyokuwa pembeni yangu, na kwa mara ya kwanza nikasikia mashine ya baridi inavyovuma chini ya barafu. Zamani nadhani ilikuwa ikifunikwa na maneno yake.

Na mimi pia nilitaka kwenda. Siwezi kuliandika hilo kwa njia nyingine. Nilitaka mizunguko miwili kama mtu anavyotaka maji. Nilikuwa nimeanza nimechelewa, na wasichana wa uwanja mkubwa waliokuwa wakiruka miwili walikuwa wadogo kwangu. Kila mwezi uliopita mwili wangu ulikuwa mzito zaidi. Nilimwambia mjomba garini, huku nikitazama nje, na mjomba akamwambia Bibi.

"Ana haki," alisema Bibi. "Mtoto akimaliza msahafu kwa mwalimu mmoja, hupelekwa kwa mwengine. Lakini ataondoka kwa radhi."

"Mama, siku hizi watu hutuma ujumbe tu."

"Ujumbe? Kwani mwalimu ni dobi, umwambie kesho nnafulia kwengine?"

"Si mwalimu wa chuo cha Kurani, Mama. Ni kocha wa mchezo."

"Kamfundisha, hakumfundisha?"

"Kamfundisha."

"Basi ni mwalimu. Na elimu ya mtu uliyemkimbia haikai mwilini, nnakwambia. Mtamuona kesho anaanguka, mtasema viatu."

Kisha akanieleza mimi, kwa sababu mjomba alikuwa amekwisha kushika simu yake. Alipokuwa mdogo Unguja, alihamishwa chuo, na mama yake alimpeleka kwa mwalimu wa kwanza na sinia la halwa. Mwalimu alikula kwanza. Kisha akamuwekea mkono kichwani. Hapo ndipo unajua umeruhusiwa, alisema Bibi, na chochote utakachosoma mbele kitakuwa kimejengwa juu ya kile cha nyuma.

Bibi alikuja uwanjani Jumamosi, baada ya mazoezi, na bakuli la halwa nyeusi, chupa ya kahawa, na vikombe vimefungwa kwenye kitambaa. Alikuwa amevaa shali mbili juu ya baibui na soksi za mjomba.

"Watu wana akili zao, wanatoka makwao kuja kukaa ndani ya friji," aliniambia mlangoni. Kisha akamuona mwalimu, na uso na sauti vikabadilika. "Masalkheri, ya ustadha."

Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumwita mwalimu wangu ustadha mahali pale. Alimshika Bibi mkono, akamkalisha kwenye benchi la kuvalia viatu, akakaa naye. Bibi akamimina kahawa. Akamuuliza afya yake, afya ya mama yake, baridi ya kwao. Akamimina tena. Ndipo akaingia kwenye maneno yenyewe, kwa Kiarabu chake chenye lafudhi ya Unguja: huyu ni mwanao, umemlea, wewe ni mama yake wa pili, hatuna cha kukulipa. Kama alikukosea umsamehe. Na umuombee kheri huko mbele aendako.

Kwetu, maneno hayo yakisemwa na halwa iko katikati, hakuna kilichobaki. Umeshaaga. Kusema "anakuacha, anakwenda kwa fulani" mbele ya mtu anayekula halwa yako ni kukosa adabu, na mwenye kuambiwa keshaelewa.

Mwalimu aliitikia kila neno kwa kichwa. "Inshallah," alisema. "Mbele. Mashindano." Akachota halwa kwa vidole viwili, akala, akafumba macho, akachota tena. Akawaita watoto wadogo waliokuwa wakivua viatu, nao wakaja wakala mpaka glavu zikawanata mikononi. Uwanja mzima ulikuwa na furaha. Mimi nilikuwa nimekaa mwisho wa benchi, naitazama theluji iliyoganda kwenye vyuma vya viatu vyangu, na bila shaka kichwa changu kilikuwa chini, kwa sababu mwalimu alinyoosha mkono akaniwekea kiganja utosini, na vidole viwili chini ya kidevu, akakiinua.

Bibi aliutazama mkono ule. Akashusha pumzi.

"Alhamdulillah," aliniambia kwa Kiswahili. "Keshakupa."

Nilijua kwamba hakunipa kitu. Alikuwa ananirekebisha kichwa, kama anavyofanya kila siku. Tulipoondoka alinionyesha kwa kidole pale koni yangu inapokaa, akasema, "Jumamosi," na akatabasamu namna ambayo sikuwahi kumuona akitabasamu tangu wale wengine waanze kuhama.

Garini Bibi alimsimulia mjomba. Nyumbani akampigia simu Mama Unguja akamsimulia: alivyokula, alivyowalisha watoto, alivyouweka mkono. "Mzungu, lakini ana adabu zake," alisema. Kila aliposimulia mkono ulikaa muda mrefu zaidi kichwani mwangu. Ningemwambiaje?

Wiki ile ile mjomba alinipeleka Sib. Kocha mpya alikuwa kijana, Mwarabu aliyekulia ughaibuni, na alizungumza upesi. Alinitazama nikiruka ule wa mzunguko mmoja na nusu, mara moja tu, akaniita ukutani.

"Nani amekufundisha?"

Nikamwambia.

"Anajua kama uko hapa?"

Mjomba akajibu kutoka ng'ambo ya ukuta. "Anajua. Mama yangu alikwenda mwenyewe kumuaga, na halwa."

Kocha alitutazama, akaenda na simu yake upande wa pili wa kioo. Tulimuona anacheka, kisha tukamuona hacheki tena. Aliporudi aliniinamia mimi, si mjomba.

"Nimemuuliza kama yule mrefu anayeruka vizuri bado yuko naye. Amesema huyo habanduki, kwao wamemletea halwa. Sikumwambia kwamba uko hapa. Hilo utamwambia wewe." Akasubiri kuona kama nimeelewa. "Mimi simchukui mwanafunzi wa mwenzangu mpaka mwenzangu aniambie mwenyewe kwamba amemwacha. Hawa wote unaowaona, niliambiwa. Nafasi moja imebaki kwenye kundi la mkanda. Nitakuwekea mpaka mwisho wa mwezi."

Njia nzima ya kurudi mjomba alikuwa akipiga usukani kwa kidole.

"Tukimwambia Bibi kwamba ile haikuwa radhi," alisema tulipofika Ghubra, "atapeleka bakuli jingine. Yule atafurahi zaidi, na hatutakuwa na pa kutokea." Kisha akasema, "Nimtumie ujumbe mimi?"

Nikatikisa kichwa kukataa. Akilini nilimuona mwalimu akiisoma simu, halafu akizunguka kuokota koni. Sikutaka nimwondoe kama sahani mezani.

"Basi utakwenda kusema mwenyewe?"

Nikafungua dirisha, na yeye ananijua, hakuuliza tena.

Jumamosi ilipofika sikuweza kwenda. Mjomba alimwandikia kwamba nina mafua, naye akajibu kwa picha ndogo ya limau na ya asali. Jumamosi ya pili pia nilikuwa na mafua. Siku hizo nilikwenda Sib jioni, saa za watu wote, wakati uwanja mkubwa unapofunguliwa kwa familia. Saa hizo hairuhusiwi kuruka. Unazunguka tu, upande mmoja, pamoja na baba wanaowavuta watoto na wasichana wanaoshikana mikono na kupiga kelele. Nilizunguka. Juu, kwenye ghorofa ya vyakula, watu walikula huku wakitutazama. Mara nyingine nilizunguka mpaka wafanyakazi wakaanza kufunga, na katika jioni nzima neno nililosema lilikuwa namba ya viatu vya kuazima, kwa sababu vyangu niliviacha nyumbani nisijivunie.

Rafiki yangu alinikuta huko. Kundi lake lilikuwa linangojea zamu yao baada ya saa za watu, wote na jaketi za buluu. Alikuja ukutani akainua vidole viwili kunisalimu.

"Wewe, umehamia?"

"Bado."

"Bado kivipi? Wiki ile si nilikuona na kocha?"

"Sijaagana na yule."

"Kwani si umtumie meseji? Mama alituma, yule akajibu okei, ikaisha."

"Alijibu okei?"

"Okei na ua." Akavuta zipu ya jaketi juu na chini. "Nimesikia bibi yako alipeleka halwa. Sisi huku anatuletea lini?"

Wenzake wakamuuliza kwa Kiarabu anacheka nini, akawaeleza, nao wakacheka. Hawakuwa na ubaya. Mmoja akaniambia halwa ya Bibi yangu ikija yeye atahamia kwangu. Nilitabasamu, nikatafuta la kusema, nikalipata wakati kocha ameshapiga makofi na wao wameshaondoka. Sikumbuki sasa lilikuwa nini.

Ijumaa mjomba alitupeleka Qantab, kama anavyofanya hali ya hewa ikipoa. Bibi alikaa kwenye kiti cha kukunja karibu na gari, na mimi nilikwenda mwisho wa ufuo, penye mawe, nikajaribu kuruka na kuzunguka mara mbili kwenye mchanga mgumu wa maji yanapokoma. Huwezi. Mchanga unakushika mguu wa kuanzia, na ukishuka unaingia mpaka kifundoni. Nilijaribu mpaka nikachoka. Niliporudi Bibi akaniuliza nilikuwa nakanyaga nini kule. Nikamwambia kaa.

"Huyo kocha mpya mbona hakwambii uanze?"

"Anasubiri mwisho wa mwezi."

"Ahaa," alisema Bibi, na akanipa chungwa.

Mwisho wa mwezi ulikuwa karibu. Nilimwomba mjomba anipeleke Khuwair siku ya kazi, asubuhi kabla hajaingia ofisini, nikijua kwamba saa hizo mwalimu anakuwa na watoto wadogo kabisa na hakuna wazazi wengi. Mjomba alibaki garini. Njiani nilikuwa nimeipanga sentensi kwa Kiarabu, nikaisema moyoni mpaka ikakosa maana.

Mwalimu alikuwa amepiga magoti akimfunga mtoto kamba za kiatu. Aliponiona alisimama, akaniwekea mkono kwenye paji la uso kupima joto, akaridhika, akanipa watoto wawili niwashike. Sikuwa na namna. Nikavaa viatu nikaingia nao. Walikuwa wananing'inia mikononi mwangu kama mifuko ya soko, mmoja anakwenda huku, mwingine kule, na mmoja alinieleza habari ndefu ya paka wao. Nikawazungusha mpaka saa yao ikaisha na mama zao wakawachukua.

Tulibaki wawili. Alikaa benchini akinyoosha goti lake, akilisugua kwa kiganja. Nikasimama mbele yake.

"Nataka kuondoka," nilisema kwa Kiarabu.

"Mjomba amefika?"

"Hapana. Kuondoka. Kwenda kwa kocha wa Sib."

Aliacha kusugua goti. Alinitazama usoni, na mimi sikuinamisha kichwa. Nilikuwa nimejiapia hivyo: kichwa nitakishika mwenyewe.

"Halwa," alisema mwisho. "Ilikuwa kwa hili?"

"Ndiyo. Kwetu ndiyo desturi. Kumuaga mwalimu."

"Mimi nilidhani mnanishukuru."

"Tulikushukuru pia."

Alicheka kidogo kwa pua. "Niliichukua nyumbani iliyobaki. Nilikuwa naila kila jioni na chai. Kidogo kidogo, isiishe. Nasema, huyu mmoja haondoki kwa sababu ya mkanda, wala uwanja mkubwa. Huyu anabaki." Alikuwa akitafuta maneno, na pale yalipokosekana akatumia mkono. "Wale wengine, mama anatuma ujumbe. Nasoma, nafuta. Ni rahisi. Wewe unakuja unasimama hapa. Hii ni mbaya zaidi, unajua?"

Nikasema najua. Sikujua mpaka aliposema. Bibi hakuwa ameniambia kwamba adabu inaweza kumuumiza anayefanyiwa. Labda katika chuo chao Unguja mwalimu alikuwa na watoto wengine mia wanaoingia mlangoni, na halwa ilikuwa halwa tu.

Akatoa simu yake, akairekodia sauti, kwa lugha ya kwao, au ile wanayozungumza makocha wenyewe kwa wenyewe. Nilidhani litakuwa neno moja. Lilikuwa refu. Alizungumza akiitazama miguu yangu, akasimama, akaendelea, akaonyesha kwa mkono jambo ambalo kocha wa Sib asingeweza kuliona, bega la kushoto likishuka. Nilielewa kwamba anamweleza habari zangu, makosa yangu yote, moja baada ya moja, ili yule asianze upya. Hakuna aliyewahi kusema maneno mengi hivyo juu yangu. Kisha akatuma, akaiweka simu benchini uso chini.

"Umevaa viatu," alisema. "Usivivue. Ingia."

Alinifundisha saa nzima. Hakunipa mruko hata mmoja. Ilikuwa njia ya kuingilia tu, ile ya kurudi nyuma juu ya ukingo wa nje wa chuma kabla ya kuruka, mara hiyo hiyo tena na tena, mpaka nikaona mistari yangu imelala juu ya barafu kama nyuzi za mkeka. Nilipoinua bega, alilishusha. Nilipoharakisha, alinishika kiuno akanipunguza. Hakuwa mkali wala mpole kuliko siku nyingine. Mwisho alipiga makofi mawili, akageuka kwenda kuwasha gari la kulainisha barafu, kwa kuwa asubuhi zile alikuwa akiliendesha mwenyewe. Nilitoka kabla hajaipita mistari yangu. Sikutaka kuiona ikifutwa.

Mjomba aliniuliza tu, "Tayari?" Nikasema tayari. Alikuwa amechelewa kazini kwa ajili yangu na hakusema.

Nyumbani Bibi alikuwa akichambua mchele. Sikumwambia nilikotoka. Kwake yeye radhi ilikwisha kutolewa siku ya halwa, mkono juu ya kichwa, watoto mashahidi, na alikwisha kuwapa habari hiyo jamaa wote wa Wattaya na wa Unguja. Nilikaa nikachambua naye. Ile nyingine, ya kweli, tulikuwa tunaijua mimi na mwalimu, ambaye nisingemuona tena kila Jumamosi.

Nilianza Sib wiki ile. Walinipa jaketi ya buluu, mikono mifupi kidogo. Kundi la mkanda lilikuwa na wasichana wengi, na kocha aliwaita kwa majina yao. Mimi, wiki za mwanzo, aliniita "wewe mrefu". Alikuwa mwalimu mzuri. Kila alichoniambia kuhusu bega la kushoto kilikuwa sahihi, na kila aliposema nilisikia sauti nyingine ikilisema kabla yake. Rafiki yangu alikuwa kundi lile lile, lakini alikuwa na wake wa kukaa nao wakati wa kufunga viatu, na benchi lao lilikuwa limejaa. Alinisogezea mkoba wake mara moja nipate nafasi. Nilikaa, nikasikiliza wanavyocheka, na sikujua walikuwa wanacheka nini tangu zamani.

Mizunguko miwili ilikuja baada ya Ramadhani. Nilikuwa nimeshavuliwa mkanda, nimepelekwa kwenye kona yangu nijaribu peke yangu, na kocha alikuwa katikati ya uwanja anamvuta mtoto mwingine kwa kamba. Nilirudi nyuma juu ya ukingo, nikaruka, na hewani kulikuwa kimya kama ndani ya chungu. Kisha chuma kikagusa barafu, kimoja, na nikawa nakwenda kinyumenyume huku mguu wa pili uko nyuma yangu, sijaanguka.

Hakuna aliyeona. Nilisimama. Nilifikiria nani nimwambie. Mama hajui mruko ni kitu gani, angesema hongera mwanangu, umekula? Bibi angesema unaona sasa, ile halwa. Kulikuwa na mtu mmoja ambaye ningemwambia "imeshuka" na asingehitaji neno la pili, na yeye ujumbe huwa anausoma akaufuta.

Kocha aliniita kwa mbali. Hakuwa ameniona, lakini makocha huusikia mguu unavyoshuka.

"Ulikuwa wewe? Kwa mguu mmoja?"

"Ndiyo," nilisema, na ilinibidi niseme kwa sauti, kwa sababu uwanja ule ni mkubwa.

"Tena," alisema, na akarudi kwenye kamba yake.

Nikarudi nyuma mpaka ukutani nipate nafasi ya kutosha. Nikashusha bega la kushoto. Nikaanza.